Kocha Si Mwenye Nyumba

Mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo viwili vya Marekani ilichezwa Pittsfield, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, tarehe 1 Julai 1859. Amherst waliwashinda Williams 73 kwa 32. Kanuni za siku hizo hazikuwa za leo, ndiyo maana pointi zilimiminika namna ile. Kesho yake vyuo hivyohivyo vikakutana tena, safari hii kwenye sataranji, na Amherst wakashinda tena. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezo wa uwanjani na mchezo wa akili vilipangwa kwenye ratiba moja, na familia inayompeleka mtoto huko leo bado inakumbana na ratiba hiyo.

Nilipita Pittsfield Julai ya 2025 nikiwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayeishi Lowell. Wakenya wa Lowell ni wengi. Ukiingia madukani unakuta unga wa ugali na majani ya chai ya nyumbani, na Jumapili unasikia Kiswahili kabla hujafika mlango wa kanisa. Dada yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Hangeweza kuacha kazi azunguke na kijana vyuoni, nami nilikuwa nimetoka Mombasa kwa likizo. Nikakabidhiwa gari, kijana, na daftari lenye majina ya vyuo yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kijana ni mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago cha chuma usoni, akipokea kila mpira unaorushwa. Alianza kupenda mchezo huu akiwa na miaka saba. Mwaka 2015 timu ya watoto wa Uganda ilicheza mashindano ya dunia ya Little League kule South Williamsport, Pennsylvania, baada ya wenzao wa Lugazi kufungua njia mwaka 2012 kama timu ya kwanza kutoka Afrika. Aliwaona kwenye televisheni, akamwuliza mama yake kama wale ni majirani zetu. Akaambiwa ndiyo. Wiki ile akataka glavu.

Sasa alikuwa amemaliza darasa la kumi na moja. Kwa kijana anayelenga vyuo vinavyochuja sana wanafunzi wake, kiangazi hicho ndicho kinachoamua mengi. Vyuo vikubwa vya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, huruhusiwa kuanza kumpigia kijana simu tarehe 1 Agosti, anapoingia darasa la kumi na moja, kwa hiyo vingi vilikuwa vimekwisha kuchagua. Lakini vyuo vidogo kumi na kimoja, karibu vyote vya New England, vya umoja unaoitwa NESCAC, ulioundwa mwaka 1971, hungoja alama za darasa hilo zikamilike. Ndani yake wamo Amherst, Williams, Middlebury, Bowdoin, Tufts na wenzao. Kuanzia Julai kocha anaweza kuchukua matokeo ya kijana na kuyapeleka ofisi ya udahili, yasomwe kabla ya maombi rasmi. Ofisi inarudisha jibu kwa kocha: huyu anaweza kupita, huyu aongeze alama za muhula ujao, huyu usipoteze muda wako.

Kwetu Kenya, mtoto anafanya mtihani wa KCSE, alama zinatoka, na alama hizo zinampangia chuo. Hakuna mtu wa kumsemea. Nilikuwa nikiudhika sana na mfumo huo, hasa nikikumbuka watoto waliougua wiki ya mtihani. Lakini njiani kuelekea Amherst, mpwa wangu akinieleza mambo ya kwao huku macho yake yako barabarani, niliona kwamba kusemewa nako kuna mitihani yake. Kocha wa vyuo hivi ni kama mshenga. Anakwenda, anarudi, anasifia, anabeba maneno ya pande zote mbili, lakini mwenye nyumba ni ofisi ya udahili, na ofisi hiyo ndiyo inayosema ndiyo au hapana. Na kila mwaka kocha anapewa nafasi chache tu ambazo neno lake lina uzito. Akishazitumia, hata ampende kijana kiasi gani, upendo huo haumfungulii mtu.

Tuliingia Amherst mchana. Wanafunzi walikuwa likizo, nyasi zimekatwa, milima ya Holyoke imejipanga upande wa kusini kama inavyoonekana kwenye picha zao zote. Mpwa wangu alikwenda moja kwa moja uwanjani, akasimama nyuma ya besi ya nyumbani, akapima kwa macho hadi besi ya pili. Mimi nilitaka kwenda maktaba. Baadaye niliona kwamba tulikuwa tunauliza swali moja: je, huyu mtoto atatosha hapa?

Kilichonigusa zaidi Amherst ni habari ya pesa, na ningependa wazazi wa Mombasa, Mwanza na Bukavu waisikie vizuri. Chuo hiki, sawa na Harvard, Yale, Princeton, MIT na vichache vingine, hakiangalii uwezo wa familia kinapoamua nani apokelewe, hata kama mwombaji anatoka nje ya Marekani. Akipokelewa, kinafidia kile ambacho familia haiwezi kulipa. Williams, jirani yake, tangu mwaka 2022 kimeondoa mikopo kwenye misaada yake yote na kuweka ruzuku isiyorudishwa. Bei iliyotangazwa mwaka 2025 ilikuwa kadiri ya dola 90,000 kwa mwaka, na bei hiyo imewafukuza watoto wengi hodari ambao wasingelipa hata robo yake.

Lakini msaada huo haumhusu mchezaji kwa sababu ya mchezo wake. Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Vyuo vya Divisheni ya Tatu, kama hivi vya NESCAC, haviruhusiwi kutoa hata senti moja ya ufadhili kwa ajili ya michezo. Vyuo vinane vya Ivy League, Harvard na Yale vikiwamo, ingawa vinacheza Divisheni ya Kwanza, navyo vilikubaliana zamani, tangu makubaliano ya mwaka 1954, kutotoa ufadhili wa aina hiyo. Mwaka 2025, mahakama ilipoidhinisha makubaliano yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, Ivy walikataa kuingia. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wake amepata “skolashipu ya besiboli” Yale, anachotaka kusema ni kwamba mchezo umemsaidia kuingia, na kipato cha wazazi ndicho kilichopima msaada. Ni mambo mawili, na kila moja lina ofisi yake.

Dada yangu alilijua hilo kabla yetu. Sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama, na yeye, usiku wa mapumziko yake, alikuwa ameingiza mshahara wake, kodi ya nyumba na akiba yake katika kila kimoja. Pembeni ya jina la kila chuo kwenye daftari aliandika kiasi ambacho angeweza kulipa. Majina mawili aliyakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Kijana hakubishana naye.

Kutoka Amherst tulipanda vilima vya Berkshires hadi Pittsfield, tukala, tukaendelea na Barabara ya 7 kwenda Williamstown, mlima Greylock ukiwa mkononi mwetu wa kulia. Huo ndio mrefu kuliko yote jimboni, mita 1,064. Kwa mtu aliyeona Kilimanjaro kutoka Voi asubuhi ya anga safi ni kilima, ila ulipendeza. Ndani ya gari kijana alinisimulia jambo ambalo hakuwa amemweleza mama yake kwa ukamilifu.

Masika iliyopita, kocha wa chuo kimoja alimwambia kwa simu kwamba yeye ndiye mdakaji anayemtaka kuliko wote. Maneno matamu yalifuata kwa wiki kadhaa. Kijana akaacha kuwajibu makocha wengine wawili, kwa uungwana tu; aliona si haki kuzungumza na wengine ilhali ameshapewa neno. Halafu simu zikakoma. Hakuna aliyemwambia hapana. Aliandika barua pepe, akaandika tena, na jibu alilolipata ni tangazo la kambi ya mazoezi ya kulipia ya chuo hichohicho, lililotumwa kwa mamia ya vijana.

Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo bado ninayo. Mtu mzima akimpa mtoto wa miaka kumi na sita neno, kisha akaliacha lioze, amemfundisha jambo baya kuhusu watu wazima. Ahadi hizi za mdomo hazimfungi kocha kisheria, na hakuna karatasi kijana anayoweza kumwonyesha mtu. Wenye pesa wana washauri wa kukodi wanaowaambia watoto wao: usiache kuzungumza na mtu yeyote hadi udahili useme. Mtoto wa muuguzi wa Lowell alitegemea adabu aliyofundishwa nyumbani, na adabu hiyo ilimgharimu.

Kisha kuna msongamano ambao wazazi wengi hawauoni. Mchezaji wa chuo siku hizi anaweza kuhama kwa urahisi, na makocha wa timu kubwa wanapenda kumchukua kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekwisha kukomaa kuliko kumlea wa miaka kumi na minane. Zamani timu ya besiboli ya Divisheni ya Kwanza iligawa ufadhili usiozidi kumi na moja na vipande, 11.7, kwa kikosi kizima. Sasa kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya 2025 hakuna ukomo wa ufadhili, ila kikosi kisizidi wachezaji 34. Nafasi za vijana wapya zimebanwa, nao wanateremka ngazi moja, wanawasukuma wa chini yao. Mwisho wa msururu huo yuko mdakaji mwenye alama nzuri za fizikia anayegonga mlango wa chuo cha watu elfu mbili milimani.

Tulihudhuria kambi moja ya siku nzima, kwenye chuo ambacho sitakitaja kwa kuwa mengi niliyoyasikia pale yalisemwa faraghani. Vijana walivaa fulana zenye namba. Walianza na mbio za yadi sitini, karibu mita 55, na aliyetumia chini ya sekunde saba aliandikwa alama pembeni. Wapigaji waligonga mipira huku chombo cha rada kikisoma kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Zamu ya wadakaji ilipofika walipimwa kwa saa: tangu mpira unapogusa glavu hadi unapotua kwenye glavu ya mwenzako aliye besi ya pili. Sekunde mbili kamili ni nzuri kwa umri ule. Mpwa wangu aliruka kutoka kwenye magoti yake, mkono ukatoka karibu na sikio, mpira ukaenda chini na kunyooka. Saa ilionyesha 1.98. Wazee wawili waliokuwa karibu nami waligeuka kumtazama.

Makocha kutoka vyuo mbalimbali walikuwa na karatasi mikononi. Mmoja aliniachia nione yake. Juu kabisa ya kila jina, kabla ya kimo, kabla ya uzito, kabla ya kama anapiga kwa mkono wa kushoto au wa kulia, kulikuwa na wastani wa alama za shule na matokeo ya mtihani wa SAT. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kwamba kijana anayerusha vizuri anaweza kumpata kila siku. Anayerusha vizuri na ambaye ofisi ya udahili haitamrudisha, huyo anamtafuta majira yote ya kiangazi. Vyuo vya Ivy huenda mbali zaidi: tangu miaka ya 1980 vina kipimo chao cha pamoja kinachounganisha alama za shule na mtihani kuwa namba moja, ili timu zisiachane mno na wanafunzi wenzao kitaaluma. Kocha huyo alipomfikia mpwa wangu alimsifia mikono yake, kisha wakazungumza muda mrefu kuhusu somo la hesabu atakalochukua darasa la kumi na mbili. Nilipenda mazungumzo hayo. Niliona mtoto wetu akitazamwa mzima.

Ila nilitazama pia viti vya wazazi. Ada ya kambi ile ilikuwa mamia ya dola, na wengi waliokuwa pale walikuwa wametoka kambi nyingine na kesho yake wanakwenda nyingine. Timu za kiangazi zinazosafiri jimbo hadi jimbo zinagharimu maelfu. Watoto weusi uwanjani mle ungewahesabu bila kutumia mkono wa pili. Katika kesi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 29 Juni 2023, takwimu zilizowekwa mezani zilionyesha kwamba kati ya kila wanamichezo kumi waliosajiliwa na kuomba, zaidi ya wanane walipokelewa, ilhali kwa waombaji wa kawaida hata mmoja kati ya kumi hakufika. Mahakama iliwakataza wakuu wa udahili kuzingatia rangi ya mwombaji. Njia ya michezo haikuguswa. Mimi ninayo familia ndani ya njia hiyo na ninaiombea ifanikiwe, na bado nasema mlango ulioachwa wazi ulikuwa tayari umezoewa na wenye nacho.

Tuliteremka kusini hadi Connecticut. Uwanja wa Yale uko upande wa West Haven, majukwaa yake ya saruji yamesimama tangu miaka ya 1920. George H. W. Bush, aliyekuja kuwa rais, alicheza hapa na kuwa nahodha. Timu yake ilifika fainali mbili za kwanza za vyuo vyote, 1947 na 1948. Lakini kijana wangu alitaka kuona kilima cha mrushaji. Mei 1981, Ron Darling wa Yale alisimama pale akirushiana na Frank Viola wa St. John’s. Kwa awamu kumi na moja hakuna mpinzani aliyempiga Darling mpira salama. Katika ya kumi na mbili wakampata, akapoteza 1 kwa 0. Wote wawili wakaenda kucheza ligi kuu, na miaka ya baadaye wakavaa jezi moja, ya timu ya Mets. Kijana alinisimulia yote hayo bila kuangalia simu. Aliguswa zaidi na yule mdakaji wa Yale ambaye hakuna anayemtaja, aliyepokea mipira yote ya Darling siku ile.

Kituo cha mwisho kilikuwa Harvard, ng’ambo ya mto Charles, upande wa Allston. Hapo zamu ya kusimulia ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. William Clarence Matthews alizaliwa Selma, Alabama, akasoma Tuskegee, kisha Andover, mji ambao kutoka nyumbani kwa dada yangu ni mwendo mfupi wa gari. Aliingia Harvard mwaka 1901, akawa mchezaji wao bora miaka ile, mtu mweusi katikati ya weupe, na timu za Kusini zikakataa kucheza akiwemo uwanjani. Ligi kuu haikumfungulia. Akasomea sheria, akawa wakili wa serikali. Kombe la ubingwa wa besiboli wa Ivy League leo lina jina lake. Mpwa wangu amepita Andover mara nyingi akienda mechi na hakuwahi kuambiwa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama Matthews alikuwa na mtu wa kumsemea kwa makocha. Nikamwambia kwamba wakati ule makocha hawakuzunguka kutafuta vijana namna hii, na kwamba Matthews alifanya kazi za mikono likizo zake ili kulipa ada.

Usiku huohuo, Lowell, tulikaa na dada yangu kabla ya zamu yake. Wali wa nazi mezani, daftari katikati. Yeye hufanya kazi wodi ya mifupa, ameshauguza viwiko na magoti ya vijana wengi, na swali lake lilikuwa moja: ukiumia mwaka wa kwanza usicheze tena, chuo gani kati ya hivi utabaki nacho kwa furaha? Kijana akataja kimoja bila kusita, chuo kidogo chenye maabara ya fizikia ambayo alikaa ndani yake kuliko alivyokaa uwanjani. Kocha wa pale alikuwa ameshapeleka matokeo yake yakasomwe.

Basi tukaandika barua pepe pamoja, yeye akichapa. Aliuliza mambo matatu, kwa heshima na bila kuzunguka. Udahili wamejibu nini kuhusu matokeo yangu? Unatafuta wadakaji wangapi mwaka huu, na mimi ni wa ngapi? Nikiomba mapema kwa ule utaratibu unaofunga, utatumia mojawapo ya nafasi zako kwa ajili yangu? Dada yangu alisoma mara mbili, kwa sababu utaratibu huo unatiwa saini na mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule, na ukipokelewa unayaondoa maombi yako kwingine kote. Kosa lake hulipwa na nyumba nzima.

Kocha hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu kesho yake, akaomba mama awepo. Alisema udahili umeridhika. Anataka mdakaji mmoja tu. Kijana ni wa pili. Wa kwanza ana hadi katikati ya Agosti kuamua, na vyovyote atakavyoamua, yeye atapiga simu siku hiyohiyo. Dada yangu alimshukuru kama anavyowashukuru madaktari wanaosema kweli kwa wagonjwa wake.

Simu ilikuja Agosti nikiwa nimesharudi Mombasa. Wa kwanza alikuwa amechagua kwenda kwingine. Kabla ya kumpigia yeyote, hata mimi, mpwa wangu alimwandikia kocha wa chuo kingine kilichokuwa bado kinamfuatilia, akamweleza kwamba ameamua, na kwamba asimshikilie nafasi, kuna mdakaji wa New Hampshire aliyemwona kambini mwenye mkono mzuri na alama nzuri, huenda anaingoja. Akaniletea nakala ya barua ile usiku, akiniuliza kama kutaja sifa za yule mwenzake ilikuwa kuvuka mpaka. Nikamjibu aiache ilivyo.